Gofu: Mikono inapotetemeka mbele ya shimo

Alikuja kliniki Jumatatu asubuhi, mwanamume wa makamo, meneja katika kampuni moja hapa Nairobi. Hakuwa na homa, kikohozi wala maumivu ya tumbo. Alipoketi alitoa mfukoni kijikaratasi kilichofungiwa vidonge viwili, akakiweka juu ya meza.

"Daktari," alisema, "Ijumaa tuna mashindano ya gofu ya kampuni, nami nimepangwa kundi moja na mkurugenzi. Nikicheza peke yangu sina shida. Watu wakisimama kunitazama, moyo hudunda, viganja hulowa jasho, na mikono hutetemeka hata mpira ulio hatua mbili tu kutoka shimoni hunishinda. Rafiki yangu mwenye shinikizo la damu amenipa hivi vidonge, anasema vitanituliza. Nimeze kimoja au vyote viwili?"

Kwa ruhusa yake nimeamua kulijibu swali hilo mbele ya wasomaji wote, kwa sababu si yeye peke yake mwenye tatizo hili. Hata kama hujawahi kushika fimbo ya gofu, endelea kusoma. Yanayompata mchezaji mbele ya shimo ndiyo yanayompata mwanafunzi kwenye chumba cha mtihani na mtafuta kazi mbele ya jopo la wasaili.

Mchezo wa kutembea na mawazo

Gofu ina jambo moja linaloitofautisha na michezo mingi. Mchezaji wa kandanda huingiwa na wahka kabla ya mechi, lakini kipenga kikilia hukimbia, na baada ya dakika chache wahka umekwisha. Mpira unamjia, naye hana nafasi ya kuwaza.

Mpira wa gofu hauendi popote. Umetulia kwenye nyasi ukikungoja. Raundi ya mashimo 18 huchukua saa 4 au zaidi, lakini pigo moja halifiki hata sekunde 2. Mtu anayemaliza kwa mapigo 90, basi, amecheza kwa muda usiozidi dakika 3. Saa zote zilizobaki anatembea na mawazo yake, na mawazo hayo yaweza kuwa rafiki au adui.

Isitoshe, mara nyingi hapa kwetu kinachochezewa si kikombe pekee. Kwenye viwanja vya gofu watu huzungumza biashara, hukutana na wakubwa wao wa kazi na hupimana tabia. Mtu hudhani kwamba akikosa pigo rahisi amepoteza heshima pia. Wengine huweka dau la fedha, na hapo kila pigo huwa na bei.

Mwilini hutokea nini?

Ubongo wa binadamu haujui gofu. Unachojua ni hatari. Unapohisi kwamba kuna jambo kubwa linaloweza kupotea, liwe uhai, kazi au heshima mbele ya watu, hupeleka habari kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga ndani ya damu homoni iitwayo adrenalini.

Matokeo yake huonekana mara moja. Moyo hupiga kwa kasi na kwa nguvu. Pumzi huwa fupi na za juu juu. Damu hukimbilia misuli mikubwa ya mapaja na mabega, na vidole huachwa baridi. Kinywa hukauka, viganja hutoka jasho, na tumbo husokota. Ndiyo maana wachezaji wengi hutafuta choo kabla ya shimo la kwanza. Misuli midogo ya mikono nayo huanza kutetemeka.

Mambo hayo yangekufaa sana kama ungekuwa unakimbizwa na nyati. Kwa mchezaji gofu yana faida na hasara. Katika pigo la mbali, nguvu ya ziada huweza kuupeleka mpira mbali kuliko kawaida. Wachezaji wenye uzoefu hulijua hilo na huchagua fimbo ya kupigia karibu kidogo wanapohisi damu imechemka. Taabu iko kwenye grini, yaani pale palipokatwa nyasi fupi kuzunguka shimo. Hapo panahitaji mguso mwepesi wa vidole, na vidole ndivyo vilivyoharibiwa na adrenalini.

Hata mabingwa hutetemeka

Wengi hufikiri kwamba woga ni ugonjwa wa wachezaji wadogo. Sivyo. Mwaka 1996, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, Greg Norman wa Australia aliianza siku ya mwisho akiongoza kwa mapigo 6. Alimaliza siku hiyo kwa mapigo 78, naye Nick Faldo wa Uingereza akapiga 67 na kumshinda kwa mapigo 5. Wakati huo Norman alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani.

Bernhard Langer wa Ujerumani alipatwa zaidi ya mara moja na hali ambayo mkono hushtuka wenyewe mchezaji anapotaka kuusukuma mpira shimoni. Alibadilisha namna ya kushika fimbo, akajifunza upya, na akaishinda Masters mara mbili, mwaka 1985 na 1993. Mwaka 1991, kwenye pigo la mwisho la mashindano ya Ryder Cup kati ya Ulaya na Marekani, alikosa kuutia mpira uliokuwa futi 6 kutoka shimoni, na Ulaya ikakosa kikombe. Wiki iliyofuata alicheza nyumbani kwao Ujerumani na kushinda.

Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini naye aliongoza Masters ya 2011 kwa mapigo 4 kabla ya siku ya mwisho, kisha akapiga 80. Miezi miwili baadaye alishinda mashindano ya U.S. Open kwa tofauti ya mapigo 8. Hata aliposhinda Masters mwaka 2025, kwanza alikosa pigo fupi kwenye shimo la 18 ambalo lingemaliza kazi, akalazimika kwenda shimo la ziada dhidi ya Justin Rose ndipo akapata ushindi.

Funzo kutoka kwa watu hao ni kwamba woga haukuwatoka. Walichojifunza ni kupiga mpira huku wakiwa nao.

Kosa la kupigana na woga

Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya waliokuwa wakifunzwa kazi ngumu. Waligundua kwamba panya waliopewa mshtuko wa wastani walijifunza upesi kuliko waliopewa mshtuko hafifu au mkali. Binadamu naye yuko karibu na hali hiyo. Asiyejali kabisa huzembea, na aliyezidiwa na hofu huvurugikiwa. Wahka kiasi hukuamsha. Kwa hiyo usitafute kuumaliza, tafuta kuupunguza ufike kiasi kinachokufaa.

Makosa ya wachezaji wengi ni mawili. La kwanza ni kujikataza. "Nisitetemeke. Nisiupitishe. Nisiupeleke majini." Mwaka 1998 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kuusukuma mpira wa gofu hadi kwenye alama, na wakaonywa hasa wasiupitishe alama hiyo. Waliopewa pia kazi ya kukumbuka nambari ndefu wakati huo huo ndio walioelekea zaidi kuupitisha. Akili iliyolemewa hufanya lile lile inaloambiwa isifanye. Basi badala ya kujiambia "nisiupeleke majini," jiambie "naupeleka pale penye ule mti."

Kosa la pili ni kuanza kuusimamia mwili. Pigo ulilolifanya mara elfu moja mwili unalijua. Ukianza kujiuliza kiwiko kiko wapi na kidole gumba kimekaaje, unauvuruga. Jaribu kushuka ngazi ukiwaza kila unyayo unavyokanyaga, utajikwaa.

Mambo unayoweza kufanya

1. Pumzi. Hii ndiyo dawa ya kwanza na haiuzwi. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo lijae, ukihesabu polepole hadi 4. Itoe kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Rudia mara 3 au 4 unapoukaribia mpira. Siri iko katika kuitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta, maana wakati wa kutoa pumzi mshipa wa fahamu uitwao vagasi huuambia moyo upunguze mwendo.

2. Misuli. Mtu mwenye hofu huikaba fimbo kama anayemnyonga nyoka. Kabla ya pigo, ikamate kwa nguvu zote kwa sekunde 5, kisha legeza. Pandisha mabega hadi masikioni, kisha yaachilie. Misuli iliyokazwa makusudi hulegea vizuri zaidi.

3. Utaratibu usiobadilika. Wasomaji waliowahi kwenda Muthaiga au Karen kutazama Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967, huenda wameona jinsi mchezaji wa kulipwa anavyorudia mambo yale yale kabla ya kila pigo: husimama nyuma ya mpira, hutazama shabaha, hujaribu fimbo hewani mara moja au mbili, husogea, hupiga. Si ushirikina. Utaratibu huipa akili kazi, na akili yenye kazi haina nafasi ya kubuni balaa. Utengeneze wako, uwe mfupi. Kanuni za gofu tangu 2019 zinashauri pigo lifanywe ndani ya sekunde 40, na wenzako wanangoja.

4. Macho. Profesa Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichunguza macho ya wachezaji gofu na kuchapisha matokeo yake mwaka 1992. Aliona kwamba walio hodari huyatuliza macho yao mahali pamoja kwenye mpira kabla ya kuusukuma na wakati wa kuusukuma, ilhali wasio hodari huyahangaisha huku na huko. Chagua alama moja ndogo kwenye mpira, itazame kwa sekunde 2 au 3, na usikimbilie kuinua kichwa kuona ulikokwenda.

5. Pigo moja kwa wakati mmoja. Wazee walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Jipe hatua 10 za kulisikitikia pigo baya. Ukizimaliza, zungumza na mwenzako juu ya mambo mengine, tazama miti, kunywa maji. Ukiufikia mpira ndipo urudi mchezoni. Na tafadhali usimfokee kedi wako. Kumfokea hakujawahi kuutoa mpira mchangani, na hasira hukuongezea adrenalini ile ile unayoikimbia.

6. Mazoezi yenye shinikizo. Kupiga mipira 100 ukiwa peke yako hakukufundishi kuvumilia macho ya watu. Weka mpira futi 3 kutoka shimoni, jitakie kuutia mara 10 mfululizo, na ukikosa hata wa 9 uanze upya. Utaona moyo unavyodunda kwenye ule wa 10. Au shindana na mwenzako kwa soda, watu wakitazama. Hofu uliyoizoea hupungua makali.

7. Siku ya mashindano. Lala mapema. Usiongeze vikombe vya kahawa kuliko ulivyozoea, kwa kuwa kahawa pia hutetemesha mikono, na nguvu yake hukaa mwilini kwa saa kadhaa. Kula chakula cha kawaida, chukua maji na ndizi mfukoni. Fika mapema, maana aliyetoka mbio kwenye msongamano wa magari hushika fimbo moyo ukiwa tayari juu.

Vidonge na chupa

Sasa turudi kwa vidonge viwili vilivyokuwa juu ya meza yangu. Vilikuwa propranololi, dawa ya kundi la beta-bloka. Ni kweli hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka kwa mikono, kwa vile huziba mahali ambapo adrenalini hushika. Kwa sababu hiyo hiyo dawa za kundi hilo zimepigwa marufuku katika mashindano ya gofu chini ya kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni.

Lakini marufuku siyo iliyonitia hofu. Nilimwuliza mgonjwa wangu kama amewahi kuugua pumu. Akacheka. "Ya utotoni, Daktari. Siku hizi hunibana wakati wa baridi tu." Mkobani mwake alikuwa na dawa yake ya pumu ya kuvuta.

Hicheki hiyo. Propranololi huweza kuibana mirija ya hewa ya mtu mwenye pumu, na wakati huo huo huizuia dawa yake ya kuvuta isifanye kazi. Angekimeza Ijumaa asubuhi, angeweza kukosa pumzi katikati ya uwanja, mbali na hospitali, na dawa iliyo mkononi isimsaidie. Hali hiyo huua. Vile vile dawa hii huweza kupunguza mno mapigo ya moyo yaliyo polepole tangu awali, na kumfichia mgonjwa wa kisukari dalili za kupungukiwa na sukari. Ni dawa nzuri kwa aliyepimwa na kuandikiwa. Dawa ya rafiki ni ya rafiki.

Pombe nayo haina nafasi kabla ya mchezo. Huondoa haya, lakini huharibu mguso wa mikono na uamuzi wa akili, na chini ya jua hukausha maji mwilini. Iwapo mikono yako hutetemeka kila asubuhi na kutulia tu ukishaonja, tatizo lako si gofu. Mwone daktari, bila aibu.

Si kila kutetemeka ni woga

Hapa naomba msomaji asome kwa makini, hasa aliyepita miaka 40. Adrenalini ina dalili zinazofanana na za maradhi mengine, na wapo wanaojiambia "ni wasiwasi tu" mpaka mambo yanaharibika.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akitembea saa 4 bila kula, huweza kupungukiwa na sukari. Atatetemeka, atatoka jasho na moyo utamdunda, sawa kabisa na mwenye woga. Huyo hahitaji kuhesabu pumzi, anahitaji soda yenye sukari au glukosi mara moja, kisha chakula.

Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono kila siku, uwanjani na nyumbani, na mtu hukonda ijapokuwa anakula vizuri. Dawa ya pumu ya kuvuta nayo huweza kutetemesha vidole kwa muda. Na mkono unaoshtuka au kujipinda katika pigo moja tu, hata ukiwa peke yako bila hofu yoyote, yaweza kuwa hitilafu ya mishipa ya fahamu. Kubadilisha namna ya kushika fimbo, kama alivyofanya Langer, huwasaidia baadhi ya watu.

Kubwa kuliko yote ni moyo. Wahka wa mchezo huja kabla ya pigo na kupungua baada yake. Maumivu ya moyo mara nyingi huja unapopanda mlima au unapoharakisha mwendo, kifua kikibana kana kwamba kimewekewa jiwe, na huenda yakasambaa hadi mkononi, shingoni au kwenye taya. Wasiwasi wenyewe pia waweza kuyaamsha. Ukihisi hivyo, acha mchezo, keti, na umwambie mwenzako. Maumivu yakiendelea, au yakija na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, mtu huyo apelekwe hospitali bila kungoja raundi iishe. Akiwa hana mzio wa aspirini wala hajakatazwa kuitumia, atafune miligramu 300 njiani. Hakuna kikombe chenye thamani ya moyo wako.

Ndiyo sababu sikumruhusu mgonjwa wangu aondoke na maneno matupu. Nilimpima, nikakuta shinikizo la damu ni 150 kwa 95. Kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa, hasa akiwa na wasiwasi, kwa hiyo nilimtaka arudi. Vile vidonge alivirudisha kwa mwenyewe. Tulitumia dakika 10 kuhesabu pumzi pamoja, nikamwambia aandike utaratibu wake kwenye kadi na kuufuata katika kila pigo.

Alirudi wiki iliyofuata kupimwa tena. Shinikizo lilikuwa bado juu, na tumeanza kulishughulikia. Mashindano hakushinda, wala hakuwa wa mwisho.

"Mikono ilitetemeka?" nilimwuliza.

"Ilitetemeka, Daktari. Lakini nilihesabu, nikapiga. Na kwenye shimo la 5 niliona jambo. Mkurugenzi alikuwa na mpira wa futi 3, nikatazama mikono yake." Alitabasamu. "Kumbe hata yeye!"